Kati ya Yatima na Nyota: Nafasi ya Mama katika Tawasifu na Filamu Inayomhusu Michaela DePrince

Mwaka 2014 kilichapishwa nchini Marekani kitabu kiitwacho Taking Flight, tawasifu ya mcheza baleti Michaela DePrince. Chini ya jina hilo limewekwa jina la pili, ambalo kwa Kiswahili lingesomeka: kutoka yatima wa vita hadi nyota wa baleti. Majina ya pili ya vitabu mara nyingi huwekwa kwa ajili ya biashara, na mhakiki hapaswi kuyatwisha mzigo mkubwa kuliko uwezo wake. Hata hivyo hili linastahili kutazamwa kidogo, kwa kuwa linatamka waziwazi namna kitabu kinavyotaka kisomwe. Kuna ncha mbili, yatima na nyota, na kati yake hakuna kitu. Katika pengo hilo imefichwa miaka 15 hivi ambayo msimulizi hakuwa yatima tena wala hajawa nyota bado. Alikuwa binti wa nyumbani, mwenye miaka mitano, tisa, kumi na minne, mwenye kupelekwa mazoezini na kurudishwa. Neno binti halimo katika jina la kitabu. Neno mama halimo pia, ingawa jalada linataja waandishi wawili, na wa pili wao, Elaine DePrince, ndiye mama mwenyewe.

Pengo hilo ndilo linalostahili uhakiki. Vita vimeelezwa, na ushindi umeelezwa. Magazeti ya Ulaya na Marekani yamevirudia vyote viwili hadi vikazoeleka. Kisichoelezwa vya kutosha ni kazi ya kumsimamia msichana wa umri wa kubalehe katika mafunzo ya dansi na katika majaribio ya kuteuliwa, kazi ya kila siku isiyo na shangwe, ambayo isingefanyika bila mtu mzima aliyekubali kuifanya. Taking Flight, pamoja na filamu First Position ya Bess Kargman iliyokitangulia kwa miaka mitatu, ni vyanzo viwili vya kutazamia jinsi kazi hiyo inavyoonekana au inavyopotea pindi inapogeuzwa kuwa hadithi.

Habari za maisha zinaweza kutajwa kwa ufupi. Msichana alizaliwa mwaka 1995 huko Kenema, mashariki mwa Sierra Leone, akaitwa Mabinty Bangura. Baba aliuawa na waasi katika vita vya nchi hiyo. Muda mfupi baadaye mama mzazi naye akafa kwa ugonjwa na njaa. Mtoto alipelekwa katika makao ya yatima, ambako watoto walipangwa kwa namba kufuatana na jinsi walivyopendwa, na yeye akapewa ya mwisho, 27, kwa sababu ngozi yake ilikuwa na mabaka meupe yaliyofanya walezi wamwite mtoto wa shetani. Mwaka 1999 Elaine na Charles DePrince, wa jimbo la New Jersey, walimpokea kisheria pamoja na rafiki yake wa makao hayo, aliyeitwa Mabinty kama yeye na aliyelala naye mkeka mmoja. Alisomea baleti Philadelphia, akaingia Dance Theatre of Harlem mwaka 2012, akahamia Amsterdam mwaka 2013, na huko akapandishwa kuwa msoloisti mwaka 2016. Mwaka 2021 alijiunga na Boston Ballet.

Kiini cha hadithi, jinsi yeye mwenyewe alivyoieleza kila alipohojiwa, ni picha. Upepo ulileta jarida langoni mwa makao ya yatima. Juu yake palikuwa na msichana aliyesimama kwa ncha za vidole, amevaa vazi la waridi, anatabasamu. Mtoto aliichana picha akaificha nguoni. Siku alipokutana na mama yake mpya alitafuta viatu vya baleti katika mizigo yake, akidhani kwamba wanawake wote wa huko ng'ambo huvivaa. Hakuna msomaji atakayelisahau tukio hili, na ni haki ya msimulizi kulianzia hapo. Lakini tukio hilo lina matokeo katika muundo mzima wa kitabu: picha inakuwa sababu, na yote yanayofuata yanakuwa tunda lake. Msomaji asipojihadhari atafunga kitabu akiamini kwamba picha iliyookotwa ndiyo iliyomfikisha mtoto Amsterdam. Picha haina mikono. Haiendeshi gari hadi Philadelphia, haishoni vazi, haikai nje ya ukumbi saa tatu ikisubiri. Hata siku ile ya mizigo, aliyeitazama picha iliyokunjamana, akaelewa mtoto anaomba nini kwa lugha asiyoijua, na akaahidi kwamba atacheza, alikuwa Elaine.

Hapa msomaji wa Kongo ana jambo la kuongeza. Kwake neno baleti halikuanza na vazi la waridi. Tangu Fodéba Keïta wa Guinea alipounda kikundi chake cha Les Ballets Africains mwanzoni mwa miaka ya 1950, neno hilo limetumika katika nchi nyingi za Afrika zisemazo Kifaransa kwa maana ya ngoma za wenyeji zilizopangwa jukwaani, na Zaire ilikuwa na baleti yake ya taifa kwa maana hiyo hiyo. Aidha, wazazi waliokuwa na mabinti katika miaka ya 1970 na 1980 wanaikumbuka animasio ya kisiasa, ambapo wasichana wa shule na wafanyakazi wa makampuni walichezeshwa kwa ajili ya chama kimoja, na mzazi hakuulizwa kama anakubali. Kwa hiyo mama wa Lubumbashi akisikia kwamba binti yake anataka kuwa mchezaji, hofu yake ina historia. Hofu hiyo haielezwi na kitabu cha DePrince, wala haikuwa kazi ya kitabu hicho kuieleza. Lakini inafaa ikumbukwe, kwa sababu ridhaa ya mama si jambo jepesi popote.

Jambo la pili linahusu Kenema yenyewe. Mji huo uko katika nchi ya Wamende, ambao jamii yao ya wanawake, Sande, imewafundisha wasichana kucheza kwa vizazi vingi, chini ya wakufunzi wa kike, kwa mazoezi makali na kwa gharama ya familia, hadi siku ya kutolewa hadharani. Wanahistoria wa sanaa wanaijua Sande kwa vinyago vyake vyeusi vya mbao vinavyovaliwa na wanawake wenyewe, jambo ambalo ni nadra katika bara zima. Si haki kuisifu bila kutaja pia kwamba mafunzo hayo huambatana na ukeketaji, ambao wanawake wengi wa Sierra Leone wanaupinga. Hata hivyo, kumchora mtoto wa Kenema kama mtu aliyetoka mahali pasipo dansi hadi mahali penye dansi ni kosa la picha nzima, na filamu inalifanya kosa hilo bila kukusudia: inaipita Sierra Leone haraka, kama mahali pa maafa tu, ili iwahi ukumbini.

Filamu lakini ina sifa ambayo kitabu hakina. First Position, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Toronto mwaka 2011, inawafuata vijana kadhaa wanaojiandaa kwa Youth America Grand Prix, mashindano yaliyoanzishwa mwaka 1999 ambayo tuzo zake kubwa ni nafasi za masomo katika shule za baleti na mikataba ya kazi. Kila mshindani ana dakika chache jukwaani mbele ya wakuu wa shule na makundi. Baadhi yao wamefanya kazi zaidi ya miaka kumi kwa ajili ya dakika hizo. Michaela ana miaka 14 upigaji picha unapoanza. Kamera haijui mapema jambo gani litakuwa na maana, kwa hiyo inayachukua yote, na miongoni mwa yaliyochukuliwa kuna mambo madogo ambayo mwandishi wa tawasifu angeyaruka.

La maana kuliko yote ni rangi. Mavazi ya baleti yana kamba za mabega na vitambaa vyepesi vya kifuani ambavyo hutakiwa visionekane, na kwa sababu hiyo huuzwa vikiwa na kile ambacho wafanyabiashara hukiita rangi ya mwili. Mwili unaokusudiwa ni wa mzungu. Juu ya mabega ya Michaela kamba hizo zingeonekana kutoka viti vya nyuma kabisa. Elaine anavitia rangi ya kahawia, nyumbani, kwa mikono yake, huku akieleza anachokifanya kama mtu aelezavyo namna ya kupika wali. Hakuna muziki wa kuhuzunisha. Kargman amefanya vyema kutouweka. Katika tukio hilo fupi mtazamaji anafundishwa juu ya ubaguzi kuliko katika mahojiano yote, kwa kuwa anauona kama kazi ya ziada: mama wa msichana mzungu jioni hiyo amelala, au anafua, au anasoma gazeti. Viatu navyo vilikuwa na shida hiyo hiyo. Wachezaji weusi wa Dance Theatre of Harlem walikuwa wamevivaa kwa rangi za ngozi zao tangu miaka ya 1970, lakini kwa kuvipaka wenyewe. Mwaka 2018 tu ndipo Freed wa London, watengenezaji wakubwa wa viatu hivyo, walipoanza kuuza vya kahawia, kwa kushirikiana na kikundi cha Ballet Black. Msichana aliyekuwa na miaka 14 wakati wa First Position alikuwa ametimiza 23.

Wapo walimu waliomwambia kwamba hafai. Akiwa na miaka minane alinyimwa nafasi ya msichana mkuu katika The Nutcracker kwa maelezo kwamba Marekani haiko tayari kwa mchezaji baleti mweusi. Mwaka mmoja baadaye mwalimu alieleza kuwa si busara kugharimia sana wasichana weusi, kwa sababu wakikua miili yao hunenepa. Yafaa kuangalia ni nani aliyeambiwa maneno hayo ya pili. Hakuambiwa mtoto, aliambiwa mama. Huyo mama alilazimika kuyapokea mlangoni, kuamua mtoto aambiwe kiasi gani na lini, kisha kuwasha gari na kurudi nyumbani akizungumzia mambo mengine. Sehemu hii ya malezi, yaani kusimama kati ya mtoto na neno, haionekani jukwaani, na ndiyo inayomchosha mzazi kuliko safari.

Mpangilio huo si mgeni kwa wasomaji wa Kiswahili. Katika mafunzo ya jadi ya wasichana huko pwani, mwali hafundishwi na mama yake. Hukabidhiwa kwa somo, au kungwi, ambaye ndiye anayejua ngoma na maana ya ngoma. Mama hutoa mwana, hutoa gharama, hupika, na hungoja. Ukali wa somo ni haki yake, na mama hana ruhusa ya kuingia kati ati kwa sababu mwanawe analia. Elaine DePrince hakuwa mcheza baleti. Katika filamu tunamwona pale alipo mama wa mwali, nje ya mlango, amebeba mkoba wa nguo. Tofauti iko katika jambo moja tu, lakini ni kubwa: mama wa mwali anamjua somo, na somo anawajua bibi za mwali, wote wanataka mwali atoke salama. Elaine alimkabidhi binti yake kwa watu ambao baadhi yao walikwisha kuamua kwamba mwili wa mtoto huyo utawavunja moyo. Kumkabidhi mtoto kwa mkufunzi unayemwamini ni desturi. Kumkabidhi kwa mkufunzi usiyemwamini, kwa kuwa yeye ndiye mwenye funguo, ni jambo ambalo lugha ya unyago haina jina lake.

Pindi mashindano ya mwisho yanapokaribia, huko New York mwaka 2010, Michaela ana maumivu katika ukano wa kisigino. Mtazamaji anajua kwamba ukano ukikatika kazi imekwisha kabla ya kuanza. Anacheza, anapata nafasi ya masomo katika shule ya American Ballet Theatre, wazazi wanafurahi. Filamu imejengwa ili ushindi huo uwe jibu. Lakini swali halikujibiwa, limepitwa na bahati. Je, mama alipaswa kumruhusu? Uamuzi ule ule, kama mguu ungevunjika, ungeitwa tamaa ya mzazi. Mtu akikumbuka Elaine alikuwa mama wa namna gani, tukio hilo linazidi kuwa zito. Wanawe watatu waliokuwa na ugonjwa wa damu isiyoganda walikufa kwa UKIMWI walioupata katika dawa zilizotengenezwa kwa damu chafu; wawili kabla ya Michaela kufika, na wa tatu, Teddy, mwaka 2004, Michaela akiwa mtoto wa miaka tisa humo nyumbani. Juu ya damu hiyo Elaine aliandika kitabu cha hasira, Cry Bloody Murder, mwaka 1997. Mwanamke aliyeamini matabibu na kuzika watoto ndiye anayesimama pembeni mwa jukwaa, akisikiliza maoni juu ya kisigino.

Hapo ndipo udhaifu wa Taking Flight unapojitokeza. Waandishi ni wawili, lakini msimulizi ni mmoja, na nafsi ya kwanza ni ya binti. Mama ameshika kalamu pamoja naye na kuandika mimi ambaye si yeye. Matokeo yake ni kwamba anajiona kwa macho ya mtoto anayempenda: ni mwema, ana subira, ana jibu. Kifo cha Teddy kinasimuliwa kama huzuni ya dada mdogo, na ni sawa kiwe hivyo. Ila mwandishi wa Cry Bloody Murder, mwenye kujua kuuliza maswali makali, hapati mahali pa kuuliza kama ni halali kumpeleka mtoto aliyeokoka vita katika sanaa inayopima miili na kuikataa. Hawezi kuuliza, kwa sababu sauti ya kuulizia ameikopesha. Ni adabu kubwa ya mzazi, na ni hasara ya fasihi.

Historia ya fasihi ya Kiswahili inatoa kinyume chake kamili. Katika utendi alioutunga Mwana Kupona mwaka 1858, akiwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake, mama humwita mwana aje na wino na karatasi. Mama asema, mwana anyamaze na kuandika. Wahakiki wengi wamejadili ukimya wa binti huyo: je, aliyakubali yote? Hakuna ajuaye, kwa kuwa utendi haukumpa zamu. Katika Taking Flight binti ndiye anayesema, na mama ndiye aliyeleta wino. Mtu angeweza kuona hapo maendeleo ya haki, yaani binti hatimaye amepewa kauli, na kwa kiasi fulani ni kweli. Ila ukimya haukuondolewa; umehamishwa kutoka upande mmoja wa karatasi hadi mwingine. Hivyo wanafunzi wanaousoma utendi darasani kama sauti ya mama wangefaidika kukisoma kitabu hiki kando yake kama ukimya wa mama, na kulinganisha kipi kinachosema zaidi juu ya aliyenyamaza.

Filamu ina mama mwingine anayesaidia kupima jambo hili. Miko na Jules Fogarty ni dada na kaka, na mama yao, Mjapani aishiye California, ameyapanga maisha ya nyumba nzima kwa saa za mazoezi. Miko anapenda na anashinda. Jules, mdogo wake, hana moyo nayo, na katikati ya filamu anaacha. Kamera inabaki kidogo kwa mama anapolizungumzia jambo hilo, na watazamaji wengi humcheka au humlaumu. Lawama hiyo ni rahisi mno. Alichokifanya kwa Jules ndicho alichokifanya kwa Miko, na ndicho Elaine alichokifanya kwa Michaela. Tofauti imetoka kwa watoto. Na hata Miko, baada ya kuingia Birmingham Royal Ballet mwaka 2015, aliondoka mwaka uliofuata akaenda chuo kikuu. Filamu ilikwisha zamani kabla ya hapo, na mtu anayeitazama leo akijua habari hiyo huona uso wa mama yule kwa namna nyingine.

Michaela DePrince alifariki tarehe 10 Septemba 2024, akiwa na miaka 29. Elaine alifariki kesho yake hospitalini, alipokuwa akitayarishwa kwa upasuaji. Familia ilieleza kwamba vifo hivyo havikuhusiana. Magazeti yaliandika habari za binti kwa kirefu na za mama katika aya ya mwisho, kwa mpangilio ule ule wa jalada la mwaka 2014.

Kitabu kinangoja mfasiri wa Kiswahili. Atakayekichukua atakutana mapema na tatizo ambalo Kiingereza hakikumpa: wapo akina mama wawili, yule wa Kenema aliyekufa katika njaa, na yule wa New Jersey aliyetia rangi kamba za mabega. Mama wa kambo si neno lake. Mama mlezi ni sahihi kisheria, ila Kiswahili hulitumia pia kwa yaya na kwa mtu wa muda. Akiandika mama peke yake kwa wote wawili, kuna kurasa ambazo msomaji hatajua ni yupi anayezungumziwa.